Maswali ya Wasomaji: Peke Yako Barabarani, Bila Haraka

SWALI: Nataka kuzunguka kwa gari siku tano, mimi peke yangu, nikitazama mandhari. Nilipojaribu mara ya kwanza, kila siku nilifika usiku nimechoka hoi na sikuona kitu. Nilikosea wapi?

JIBU: Kwenye hesabu ya kilomita. Ramani ya simu ikikuonyesha mwendo wa saa tatu, inahesabu gari lisilosimama. Mtu anayetazama huchukua karibu mara mbili ya hapo. Panga kilomita 200 kwa siku, zisivuke 250. Chagua mahali pamoja pa kukaa saa mbili nzima kabla ya adhuhuri, kisha vituo viwili au vitatu vya dakika ishirini. Acha saa moja ambayo hujaipangia chochote, maana kibao cha maporomoko ya maji usichokitarajia hakikosekani. Ufike unapolala saa moja kabla ya jua kuzama.

Mandhari yatazame gari likiwa limesimama. Kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde. Ukigeuza shingo sekunde mbili kutazama ziwa, umepita mita 50 bila kuiona barabara. Mahali pakikuvutia, usikanyage breki ghafla. Pita, tafuta pa kugeuzia, urudi. Egesha gari lote likiwa nje ya lami, mbali na kona na kilele cha mlima. Usiegeshe juu ya majani marefu: huficha mtaro, na yakiwa makavu yanaweza kushika moto yakigusa bomba la moshi lililochemka.

Zaidi ya yote, ogopa usingizi, kwa sababu hakuna wa kukugutua. Saa 8 hadi saa 10 alasiri mwili hulegea hata kama ulilala vizuri. Ukijikuta hukumbuki kilomita chache zilizopita, au tairi limegusa mstari wa pembeni, simama mahali salama. Kufungua dirisha na kupandisha muziki hakusaidii. Kunywa kahawa, kisha lala papo hapo dakika ishirini. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo utaamka inapoanza kushika.

SWALI: Nikague nini mwenyewe kabla ya kuondoka?

JIBU: Maji ya rejeta, oili na breki unavijua. Kinachosahaulika ni tairi la akiba. Pima upepo wake pamoja na mengine asubuhi, kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi lenye joto hudanganya geji. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi ubavuni mwa mlango wa dereva.

Kisha chukua spana ya gari lako ujaribu kulegeza nati moja ya kila gurudumu, gari likiwa chini, halafu uikaze tena. Nati zilizofungwa kwa mashine gereji mara nyingine hukataa mkono wa mtu mmoja, na ni heri ulijue hilo ukiwa nyumbani. Ikikataa, rudi kwa fundi azilegeze na kuzikaza kwa kipimo.

Mwachie mtu mmoja njia utakayopita na saa utakayompigia kila jioni. Mkubaliane afanye nini saa hiyo ikipita na simu yako haipatikani: ampigie nani, aanzie wapi kukutafuta.