Kiloriti: nilivyoinywa mpaka ikanifunga choo

Mbukwa mkuu. Umeuliza magome ya kiloriti (ule mti wa miiba, jamii ya migunga) uliyonunua kwa Mmasai pale Majengo yanachemshwaje kwa mtu anayeharisha, na kama mkeo mwenye mimba ya miezi mitano naye anaweza kunywa. Mkeo asinywe. Sababu inakuja.

Nimekulia Bahi, Dodoma. Kabla sijajua kuwa kiloriti ni dawa, niliijua kama kitu cha ngozi. Bibi alikuwa akiponda magome yake, anayaloweka, halafu anatumbukiza ngozi ya mbuzi. Inaingia laini, inatoka imekaza na haiozi. Tafuna kipande uone: ukakasi kama wa bibo, ulimi unajikunja. Ukakasi huo unatokana na kitu kilichomo kwenye gome kinachoitwa tanini, na ndio hiyo hiyo inayokaza utumbo ukaacha kuharisha.

Sasa mimi, kwa ujuaji wangu, mwaka fulani tumbo lilinishika nikachemsha sufuria nzima. Kikombe asubuhi, mchana, jioni. Siku ya kwanza kuhara kukakata. Badala ya kuacha, nikaendelea siku tatu zaidi "kumaliza dozi". Choo kikafunga, tumbo likawa ngoma, nikaokolewa na mapapai na maji mengi. Bibi alicheka mpaka akakaa chini: "Umejitengeneza ngozi!"

Yeye alikuwa anachukua kipande cha upana wa vidole viwili, anakiosha vumbi, anakichemsha kwenye chungu mpaka maji yawe mekundu kama chai ya rangi. Kikombe kidogo, basi. Usitumie chombo cha chuma chenye kutu, maji yatageuka meusi kama wino, kwa sababu tanini inakamatana na chuma.

Na hapo ndipo penye jibu la mkeo. Inavyokamata chuma sufuriani ndivyo inavyokikamata tumboni, vile vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki vikapita bure. Tena hujui ulichouziwa. Gome likishakauka na kukatwakatwa, hata mimi niliyechunga mbuzi chini ya mti wenyewe linanipiga chenga. Ukiuona porini ni rahisi: miiba mirefu myeupe, maua ya njano ya duara.

Anayeharisha anakaushwa na maji yanayomtoka, kwa hiyo ORS, yale maji ya chumvi na sukari, inatangulia, gome baadaye. Kukiwa na damu kwenye choo au homa, nenda kituo cha afya ukapime. Mtoto mchanga usimguse na haya mambo kabisa.

Siku ukienda kubandua mwenyewe, chukua ukanda mwembamba upande mmoja tu wa shina. Chakula cha mti kinashuka kutoka kwenye majani kwa kupitia gome, ukilizungusha lote mizizi inakufa njaa. Wa mjomba uliokuwa karibu na kisima walizungusha panga, ukakauka umesimama. Tukaishia kuuchoma mkaa.