Kabla hujampa mgonjwa wa kemo melatonini

Wiki jana dada mmoja wa Nakuru aliniandikia. Mumewe ameanza kemo, yaani dawa kali za saratani, usiku halali, na shemeji aliye Marekani amewatumia kopo la melatonini, vidonge vya usingizi, pamoja na agizo: miligramu 20 kila usiku, itaua saratani. Je, ampe?

Dada, huko tumepita. Mama yangu amemaliza kemo ya saratani ya matiti hapa Kisumu mwezi uliopita, na namshukuru Mungu. Siku za kwanza baada ya kila dripu ndizo zilizotutesa: mwili umechoka hata kijiko kinamshinda, lakini macho makavu mpaka jogoo awike. Jamaa wakatuletea kopo kama hilo lako. Nilipokataa kulifungua kabla ya kumwuliza daktari, niliambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba namnyima mama uzima. Neno hilo bado linaniuma.

Nililibeba hadi kliniki. Daktari alipitia dawa zote za mama, akasimama kwenye deksamethasoni, ile ya kuzuia kutapika. Kumbe hiyo humweka mtu macho. Mama alikuwa akimeza dozi ya pili jioni. Akaagizwa aimeze mchana baada ya chakula. Usingizi ukarudi, si wote, lakini wa kutosha aamke akiomba uji. Najivunia kwamba niliuliza, na nakusihi nawe uulize.

Melatonini ni homoni ambayo ubongo hutoa giza likiingia. Aaron Lerner na wenzake waliitambua mwaka 1958 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Hiyo miligramu 20 ilienea kutokana na majaribio ya Paolo Lissoni huko Monza, Italia, miaka ya 1990, ambapo waliopewa walionekana kuishi zaidi. Ila majaribio yalikuwa madogo, na wagonjwa walijua wanachomeza. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya Kanada, wagonjwa 709 waliopasuliwa saratani ya mapafu. Baadhi walimeza miligramu 20 kila usiku kwa mwaka mzima, wengine vidonge visivyo na dawa. Miaka miwili baadaye hakukuwa na tofauti ya maana katika kurudi kwa ugonjwa.

Basi kama ni usingizi, zungumza na daktari wake, huenda akakubali kiasi kidogo. Kama ni kuua saratani, usimpe mumeo tumaini hilo, wala usikubali mtu amwambie aache kemo. Hata maandishi ya kopo usiyaamini sana: watafiti wa Kanada walipima aina 31 mwaka 2017, nyingi hazikuwa na kiasi kilichoandikwa, na nyingine zilikutwa na serotonini, kemikali nyingine kabisa, ndani.

Anameza walfarini ya kuzuia damu kuganda? Asiguse melatonini kabla daktari hajajua. Na joto lake likifika nyuzi 38, hata kama ni saa tisa usiku, acheni habari ya usingizi, tafuteni gari mwende hospitali.