Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Ofisi Kuwa Seva

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, Moshi Vijijini. Kompyuta ya ofisi yetu ina video za mafunzo ya kupogoa mibuni, na pia orodha ya malipo ya wanachama. Tungependa wanachama wazifungue video hizo moja kwa moja kutoka kwetu, bila kulipia nafasi kwenye seva ya kampuni. Kijana wetu alijaribu, zikafunguka humu ofisini tu. Je, jambo hili linawezekana, na ni salama?

JIBU: Ndugu Katibu, linawezekana. Huenda kilichomkwamisha kijana wenu ni anwani. Anwani za intaneti za mfumo wa IPv4 ni takriban bilioni 4.3, nazo hazitoshi, hivyo kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kompyuta yenu inaweza kuwatafuta walio nje, lakini wao hawawezi kuifikia. Dawa yake ni programu ya handaki, ambapo kompyuta yenu ndiyo inayoanzisha mawasiliano na seva ndogo yenye anwani ya wazi, kisha wageni wakapitishwa humo. Cheti cha kusimba mawasiliano, yaani kuyageuza yasisomeke na wengine njiani, kwa ajili ya jina la tovuti yenu hakina gharama. Shirika lisilo la faida la Let's Encrypt linakitoa bure tangu 2015.

Kazi kubwa ni wingi wa watu. Video ya megabaiti 50 ni sawa na megabiti 400, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Ikiwa laini yenu inapakia (inatuma nje) megabiti 4 kwa sekunde, mtu mmoja ataipata kwa sekunde 100, lakini wakiifungua 20 kwa pamoja baada ya mkutano, kila mmoja atangoja zaidi ya nusu saa. Handaki peke yake haliondoi tatizo hili. Ndiyo maana mtaalamu wa programu Bram Cohen alipobuni BitTorrent, mfumo wa kugawana mafaili, mwaka 2001 aliligawa faili katika vipande, ili kila anayepokea kipande akigawe kwa wenzake huku bado akisubiri vingine, na kila kipande kikaguliwe kwa alama ya kihesabu inayoonyesha kama kimebadilishwa njiani. Kadiri wapokeaji wanavyoongezeka, ndivyo wagawaji wanavyoongezeka.

Hata hivyo, nisingewashauri kuwategemea wanachama wenye simu, kwani wengi hufunga data mara tu wanapomaliza kupakua, na hawana sababu ya kutumia bando lao kwa ajili ya jirani. Ombeni vyama viwili au vitatu vya jirani vyenye kompyuta viwe na nakala kamili na viziache zikiwa hewani, la sivyo umeme ukikatika ofisini kwenu video zitatoweka nazo.

Kuhusu usalama, alama ile ya kihesabu huzuia faili kuchezewa, lakini haimfichi yeyote: wanaoshirikiana faili huonana anwani. Video za kupogoa hazina siri. Orodha ya malipo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka mzilinde taarifa za wanachama. Ihamishieni kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuweka programu yoyote ya kugawa mafaili, kwa sababu folda moja ikichaguliwa kimakosa, nakala zilizokwisha kusambaa hamtaweza kuzirudisha.