Kabla Lori Halijavuka Kasumbalesa: Deni Lako Litaongozwa na Sheria Gani?

Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi kwa barabara hupita mipaka miwili ya nchi, Tunduma na Kasumbalesa, lakini kisheria mpaka mkubwa ni mmoja tu. Ukivuka Tunduma na kuingia Nakonde unakuta Zambia, nchi ambayo sheria zake za biashara, kama zetu, zimetokana na Uingereza, kiasi kwamba wakili wa Dar es Salaam akipewa mkataba ulioandikwa Lusaka hashangazwi na mengi. Ukivuka Kasumbalesa na kuingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo hapa nitaiita Kongo tu, lugha ya sokoni inarudi kuwa Kiswahili, watu wanakukaribisha kwa maneno unayoyajua, na papo hapo sheria inabadilika kabisa.

Nimekuwa nikiuza mabomba ya plastiki na viungio vyake Lubumbashi na Kolwezi kwa miaka kadhaa, na wenzangu wa Kariakoo huniuliza zaidi kuhusu bei, ushuru na usalama wa barabara. Ni mara chache mtu huniuliza ni sheria ya nchi gani itakayotumika siku mteja atakapokataa kulipa. Ushauri wangu juu ya swali hilo huwashangaza wengi: kama mali ya mteja wako yote iko Kongo, usihangaike kuandika kwamba mkataba unaongozwa na sheria za Tanzania. Jifunze sheria ya kule, uandike mkataba unaosimama vizuri chini ya sheria hiyo, kisha ufuate masharti yake tangu siku mzigo unapopakiwa.

Tofauti hii ina historia yake. Sheria yetu ya mikataba ina asili katika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika na ambayo tuliandika ya kwetu juu ya msingi wake. Kongo, kwa upande wake, hadi leo inatumia amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu, iliyotungwa enzi za Mfalme Leopold kwa kufuata mkondo wa sheria za Ubelgiji na Ufaransa. Juu ya msingi huo, tangu Septemba 2012, zimekaa sheria za OHADA, jumuiya iliyoanzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Port Louis, Mauritius, mwaka 1993, na ambayo sasa ina nchi 17, nyingi zikiwa za Afrika Magharibi na ya Kati zinazotumia Kifaransa. Wanachama wake wote wana sheria moja ya biashara, moja ya makampuni, moja ya dhamana, moja ya ukusanyaji wa madeni, na kesi inayohusu sheria hizo ikifika ngazi ya mwisho haiamuliwi Kinshasa, bali huenda katika mahakama ya pamoja iliyoko Abidjan. Kwa hiyo mfanyabiashara anayemuuzia mtu wa Lubumbashi, kisheria, yuko karibu zaidi na Dakar na Douala kuliko Mbeya.

Wapo wanaodhani kwamba Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kulimaliza suala hili. Jumuiya inashughulikia ushuru, forodha na uhuru wa watu na mitaji kuvuka mipaka. Haikuunganisha sheria za mikataba wala za madeni, na Kongo ni mwanachama pekee wa Jumuiya yetu aliye ndani ya OHADA.

Jambo la kwanza la vitendo ni kumjua unayemuuzia. Kwetu tunazoea kuangalia taarifa za kampuni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni na biashara. Kule daftari la usajili wa wafanyabiashara linaitwa RCCM, na kila mfanyabiashara halali ana namba yake humo, pamoja na namba ya utambulisho wa taifa na namba ya kodi. Namba hizo tatu huandikwa chini ya karatasi rasmi za kampuni, na karatasi isiyokuwa nazo inatosha kukufanya usimamishe mazungumzo kwanza. Omba nakala ya karibuni ya RCCM, usome jina la meneja aliyesajiliwa, ambaye katika kampuni zao nyingi za dhima yenye kikomo huitwa gérant, kisha ulinganishe na jina la mtu anayetia saini. Huyo gérant akisaini, mkataba unaibana kampuni yenyewe. Shemeji yake anayekupokea hotelini, anayekujulia hali kila wiki kwa simu na anayejua bei kuliko wote, akisaini yeye, umejitafutia ubishi usio wa lazima.

Jambo la pili ni tarehe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wafanyabiashara wetu wanapoumia zaidi. Tanzania, madai yanayotokana na mkataba yana miaka 6 kabla ya kufungiwa mlango na sheria ya ukomo wa muda. Chini ya sheria ya OHADA, madai yanayotokana na mauzo kati ya wafanyabiashara yana miaka 2 tu. Mtu anayeendelea kumvumilia mteja kwa desturi ya Kariakoo, “atalipa tu, ni mtu wetu,” anaweza kufika mwaka wa tatu akiwa na ankara safi, sahihi safi, na haki iliyokwisha muda.

Muda mfupi wa namna hiyo, hata hivyo, unambana mnunuzi pia, na mara nyingine humwokoa muuzaji. Mteja mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa amelipa nusu ya bei, na katika mwezi wa nne baada ya kupokea mzigo akaanza kudai kwamba unene wa mabomba ni mdogo kuliko ulioandikwa kwenye ankara, kwa hiyo hatamalizia. Nilikwenda na faili langu kwa wakili wetu wa Lubumbashi, ambaye kama mawakili wote wa kule huitwa Maître. Nilitarajia aanze kwa kusoma mkataba, nami nilikuwa nimeufungua kabisa mezani. Aliusukuma pembeni kwa upole, akaomba hati ya makabidhiano, ile nakala ya pinki inayobaki kwa dereva, akaigeuza kuelekea dirishani na kupitisha kidole juu ya maneno “reçu conforme,” yaani mzigo umepokelewa ukiwa sawa na makubaliano, ambayo mtunza stoo wa mteja alikuwa ameyaandika kwa mkono. “Sahihi iko, tarehe iko, kashe iko,” akasema, akimaanisha mhuri wa kampuni. Kisha akafungua kitabu chake kinene na kunionyesha ibara yenyewe: kasoro inayoonekana siku ya kupokea mzigo, mnunuzi asipoitangaza ndani ya mwezi 1, amepoteza haki ya kuidai. Kasoro iliyojificha ina mwaka 1 tangu siku ilipogundulika au ilipopaswa kugundulika, lakini unene wa bomba hupimwa kwa kifaa kidogo cha mkononi siku hiyo hiyo ya kupokea.

Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa hutumia kipimo cha muda wa kiasi, ambao jaji huupima kwa mazingira ya kesi, na mawakili wetu wangebishana kwa hukumu za nyuma pande zote mbili. Kule ilikuwa ibara moja na tarehe moja. Barua ya madai ilipelekwa na huissier, yaani ofisa wa kufikisha hati za mahakama, na mteja akalipa kwa mafungu. Tangu hapo kila dereva wangu anajua kwamba haondoki kwenye stoo ya mteja bila sahihi, jina kamili, tarehe na mhuri, hata kama amecheleweshwa hadi jioni, na hata kama anayepokea ananung’unika.

Sasa niseme juu ya mali kauli, maana biashara yetu ya Kongo kwa kiasi kikubwa ni mali kauli. Unampa mteja mzigo, anauza, anakulipa. Katika mazoea yetu mtu huona kwamba mzigo ambao haujalipiwa bado ni wake, na akiukuta stoo anaweza kuuchukua. Sheria ya dhamana ya OHADA inakubali jambo hilo, kwa masharti: makubaliano kwamba umiliki unabaki kwa muuzaji hadi bei yote ilipwe lazima yawe kwa maandishi kabla au ifikapo siku ya kukabidhi mzigo, na ili yaweze kumzuia mtu wa tatu, kwa mfano benki inayomdai mteja wako au mdai mwingine, lazima yasajiliwe katika RCCM. Sentensi uliyoiandika chini ya ankara na kuiacha hapo inakulinda dhidi ya mteja mwenyewe tu. Usajili ni usumbufu, nakubali, na kwa mzigo wa lori moja huenda mtu akaona hauna maana. Kwa mteja anayechukua mfululizo, sioni sababu ya kuuacha.

Kuhusu mahakama, wengi huandika kwamba mgogoro utaamuliwa Dar es Salaam, wakijisikia salama. Tuseme umeshinda katika Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu. Hukumu hiyo haimgusi mtu wa Lubumbashi mpaka mahakama ya Kongo iikague na kuipa idhini ya utekelezaji, ambayo wao huiita exequatur, nawe unaanza safari ya pili ukiwa umekwisha kulipa mawakili wa safari ya kwanza. Kwa mikataba mikubwa, usuluhishi ni njia bora zaidi, kwa sababu Tanzania iko ndani ya Mkataba wa New York wa mwaka 1958 tangu mwaka 1964, na Kongo ilijiunga mwaka 2014, hivyo uamuzi wa msuluhishi wa upande mmoja unatambulika upande mwingine. Gharama zake, lakini, hazilingani na deni la lori moja au mawili.

Kwa deni la ukubwa huo, ninaiamini zaidi Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi. Humo hakimu wa kudumu hukaa pamoja na wafanyabiashara walioteuliwa kuwa mahakimu, watu wanaojua ankara ni nini. Na ipo njia ya mkato isiyo na mfano wa moja kwa moja katika mazoea yetu, inayoitwa injonction de payer. Mdai anapeleka ombi na hati zake bila mdaiwa kuitwa kwanza, na hakimu akiridhika kwamba deni ni la hakika, kiasi chake kinajulikana na muda wake wa kulipwa umefika, anatoa amri ya kulipa. Mdaiwa akishafikishiwa amri hiyo ana muda mfupi wa kupinga, unaohesabiwa kwa siku, na akikaa kimya amri hiyo huweza kutekelezwa. Hii ndiyo sababu ninashauri mkataba ukubali sheria ya Kongo: njia hii inakwenda haraka pale hakimu anapokutana na hati anazozizoea, kwa Kifaransa, chini ya ibara anazozijua.

Wenye malori nao wasijione hawahusiki. Sheria ya OHADA ya usafirishaji wa mizigo kwa barabara inatumika hata kama ni nchi moja tu kati ya ile ya kupakia na ya kushusha iliyo mwanachama, kwa hiyo safari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi imo. Fidia ya mzigo uliopotea au kuharibika kwa kawaida haizidi faranga 5,000 za CFA, sarafu ya nchi nyingi za OHADA, kwa kilo, na madai hufa baada ya mwaka 1. Mwenye mzigo wa thamani kubwa na uzito mdogo, kama simu au vipuri, aitangaze thamani hiyo kwenye hati ya usafirishaji au akate bima ya kweli.

Lipo pia lile la kazi zisizoruhusiwa kwa mgeni. Biashara ndogondogo ya rejareja Kongo imehifadhiwa kwa wananchi. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu kazi za mkandarasi mdogo inataka kazi hizo, zikiwamo zile za kuhudumia migodi ya Kolwezi ambazo Watanzania wengi wanazitamani, zifanywe na kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo. Na ukifungua tawi la kampuni yako ya Tanzania, sheria ya makampuni inakupa miaka 2 tu kabla ya kuliingiza katika kampuni ya nchi mwanachama, isipokuwa waziri wa biashara akupe msamaha. Tusilalamike sana, Julai 2025 sisi wenyewe tulipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara hapa kwetu, na Mkongo aliyekuwa akifungua saluni Sinza ana kilio hicho hicho. Njia ya kumtumia mwenyeji kama jina tu kwenye karatasi, huku mtaji na maamuzi vikiwa vyako, ipo na inatumiwa, lakini siku mkikosana huna hati inayokutambua, na daftari la RCCM litamsema yeye.

Wakili wa kule mtafute kabla hujapakia. Mwambie akuandikie mkataba kwa Kifaransa na akueleze kwa Kiswahili kila ibara. Lubumbashi jambo hilo linawezekana vizuri kuliko unavyodhani, na mnunuzi naye atafurahi kuelewa anachokisaini. Muulize namba ya ibara kila anapokwambia “sheria inasema,” kisha uziandike pembeni mwa nakala yako, hasa zile zenye tarehe. Ada yake ipatane kwa maandishi mapema, kwa mkataba na kwa mwaka, nami huiingiza katika bei ya mzigo pamoja na nauli ya lori, cheti cha FERI, ile hati ya taarifa za mzigo unaoingia Kongo, na ushuru wa forodha.