Theluthi ya nini? Uliza kabla ya kusaini na wakili wa fidia

Ukiumia kwenye ajali Marekani, wakili atakwambia hulipi kitu mpaka ushinde. Ni kweli, ila hapo anazungumzia ada yake tu. Gharama za kesi ni fungu jingine: ada za mahakama, nakala za rekodi za hospitali, madaktari wanaoitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu. Ofisi nyingi hutanguliza fedha hizo, kisha huzikata kwenye fidia. Na ukishindwa? Mikataba mingine husamehe, mingine hukudai. Nilipoumia mimi, wakili wa kwanza niliyemuuliza hilo alizungukazunguka weee, jibu halikuja. Nikaaga.

Watu hubishania sana asilimia ya fidia ambayo wakili huchukua kama ada. Kwa kawaida ni theluthi moja bima ya aliyekuumiza ikilipa kabla ya kesi kufunguliwa, na hupanda hadi asilimia 40 hivi mambo yakifika mahakamani. Swali zito ni theluthi ya nini. Chukua fidia ya dola 90,000 na gharama za dola 9,000. Wakili akikata ada kwanza, anachukua 30,000, gharama zinatoka kwenye fungu lako, unabaki na 51,000. Gharama zikitolewa kwanza, theluthi inakuwa ya 81,000, yaani 27,000, nawe unapata 54,000. Dola 3,000 nzima, kwa sentensi moja ya mkataba! Wangu ulikuwa wa aina ya kwanza. Niliomba sentensi hiyo ibadilishwe, ikabadilishwa bila ugomvi.

Na hapo hospitali haijapiga hodi. Aliyegharamia matibabu yako, iwe hospitali au bima ya afya, anaweza kudai arejeshewe kutoka kwenye fidia hiyohiyo. Muulize wakili kama atabembeleza deni lipunguzwe, na kama kazi hiyo imo ndani ya ada yake.

Ukigongwa na gari la posta, hapo unaidai serikali kuu, na sheria imeweka kikomo cha ada: asilimia 20 mkimalizana bila kesi, 25 baada ya kesi kufunguliwa. Usikubali zaidi.

Kubadilisha wakili katikati ya safari inaruhusiwa, ingawa yule wa mwanzo anaweza kudai malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Kama umepata michubuko tu na bima ya aliyekuumiza haikatai kwamba kosa ni lake, jaribu kwanza kuzungumza nao mwenyewe, ila usisaini hati ya kumaliza madai kabla daktari hajakuruhusu.