Maswali na Majibu: Ganda la alizeti na wadudu

Nasikia kuna alizeti ambayo mdudu hawezi kuitoboa. Nichague yenye ganda nene?

Usichague kwa unene. Kinachomzuia kiwavi wa nondo wa alizeti ni utando mweusi mwembamba uliomo ndani ya ganda, fitomelanini, mgumu kwa sababu umejaa kaboni. Warusi waliuthamini mapema karne ya 20, nondo alipowashinda mashambani. Baadaye V. S. Pustovoit, mzalishaji wa mbegu wa Krasnodar, Urusi, alipunguza ganda na kupandisha mafuta kutoka takriban asilimia 30 hadi karibu 50, na utando ukabaki. Ganda nene ni hasara yako: ukifika kwenye mashine ya kukamua, unalipia uzito usio na mafuta.

Ila msiutegemee utando huo kupita kiasi. Ua linapofunguka, haujajengeka. Kiwavi mchanga huanza na chavua na vijiua (maua madogo yanayojaza kichwa cha alizeti), kisha huhamia kwenye mbegu. Akiikuta bado laini, anaingia.

Mbegu nyeusi si ndizo zenye utando?

Hapana. Weusi wa nje ni rangi ya tabaka jingine. Chukua mbegu yenye mistari myeupe, ikwangue taratibu kwa kisu. Ukikuta weusi chini ya weupe, utando upo.

Unazuia ndege?

Hauzuii. Ndege hatoboi, anamenya. Ndege wafukuze shambani.

Nimerudia mbegu za chotara nilizovuna mwaka jana. Shamba linachanua ovyo na funza ni wengi. Nimekosea wapi?

Swali hili linakuja kila msimu. Mbegu ya chotara, yaani iliyopatikana kwa kupandishana mistari miwili tofauti, hairudiwi! Kizazi cha pili kinatawanyika: mimea mingine mirefu, mingine mifupi, huu unachanua leo, ule unangoja. Funza, yaani kiwavi, anapata vichwa vichanga kwa muda mrefu zaidi. Ukitaka kutunza mbegu mwenyewe, panda aina isiyo chotara, kama Record, iwe mbali na mashamba ya chotara, uchague vichwa vyako kabla ya kuvuna. Na anayekuuzia "mbegu bora" kwenye gunia lisilo na lebo, huenda amechota alizeti ya kukamua. Mkatalie.

Nipulize dawa lini?

Kagua kwanza, wengi wenu mnapuliza kwa sababu jirani amepuliza. Ukiwaona viwavi wadogo juu ya vijiua, puliza jioni, nyuki wakiwa wamerudi, kwa dawa iliyosajiliwa kwa alizeti. Nyuki ndio wanaokujazia vichwa. Kiwavi akishaingia ndani ya mbegu, dawa haimfikii tena. Mwenye mizinga jirani mwambie siku moja kabla.