Divai nyekundu nzito: maswali yenu kutoka Lubumbashi

Muuza duka ananiambia divai hii ni mchanganyiko. Je, si mabaki yaliyomiminwa pamoja? (Baba mmoja, Kamalondo)

Hapana, Baba. Divai nyingi zenye heshima kubwa ni za kuchanganya aina mbalimbali za zabibu. Kule Bordeaux, Ufaransa, zabibu ya Cabernet Sauvignon huleta ukali na ukakasi unaoiwezesha divai kukaa miaka, na Merlot huilainisha. Bonde la Rhône, hukohuko Ufaransa, lina mapishi yake: Grenache kwa utamu wa matunda, Syrah kwa rangi na harufu ya pilipili manga, Mourvèdre kwa uzito. Afrika Kusini, ambako chupa zetu nyingi hutoka, wana Pinotage, zabibu iliyopatikana Stellenbosch mwaka 1925 mtaalamu Abraham Perold alipopandanisha Pinot Noir na Cinsault. Wakiichanganya na Cabernet au Shiraz (ndiyo Syrah ileile), hupata divai nyeusi yenye harufu ya plamu na moshi kidogo. Mimi ndiyo naipenda kuliko zote.

Kwa kawaida kila zabibu huchachushwa peke yake, kisha fundi anaonja, anapima, anarudia, ndipo anachanganya. Divai za ovyo zipo pia. Lebo isiyotaja zabibu wala mwaka, bei nayo ya kushangaza, naipita.

Inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Imeharibika? (Mama wa Katuba)

Hiyo ni tanini, Mama, ndiyo inayoleta ukakasi. Maji ya zabibu nyekundu nyingi hayana rangi. Rangi na ukakasi hutoka kwenye maganda yanayolowekwa humo, mbegu nazo huchangia. Pipa la mwaloni huongeza. Kama divai bado changa, imimine kwenye jagi, ipate hewa kwa saa moja hivi. Iliyoharibika utaijua kwa pua: siki, au kartoni iliyolowa.

Naruhusiwa kuitia kwenye frigo? (Kijana, Kampemba)

Itie! Wanaosema divai nyekundu inywewe kwa joto la chumba wana nyumba za baridi za Ulaya akilini, nyuzi 16 hadi 18. Oktoba yetu inapita 30, na divai ya moto hunuka pombe tupu. Nusu saa inatosha. Mwezi wa Juni usijisumbue.

Inafaa na michopo? (Dada, Ruashi)

Inafaa sana. Mafuta na chumvi ya nyama ya mbuzi hupunguza ukakasi, na moshi wa makaa unaitana na ule wa Pinotage. Pilipili iweke kando, maana pombe huizidishia moto. Na ndakala? Hapana. Samaki na divai ya namna hii huacha ladha ya chuma mdomoni; na ndakala mimi naomba bia.

Kwenye arusi mjomba anajaza glasi hadi ukingoni, anasema ni juisi ya zabibu tu. (Mpwa wake, Kenya ya hapa Lubumbashi)

Mpwa, msomee mjomba lebo kwa adabu: divai hizi mara nyingi zina pombe 14% au zaidi. Glasi ya mililita 150 ina pombe sawa na mililita 420 za bia yenye 5%, na glasi ya arusini ikijaa hubeba mara mbili ya hapo. Amimine theluthi. Harufu nayo inahitaji nafasi ndani ya glasi, na funguo za gari apewe mwingine.